Hela ya Buti za Milimani Nimemficha Mke Wangu

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi wilaya mojawapo ya mkoa huu wa Tabora, naomba usiitaje. Nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kufuata nyayo kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii. Nilianzia Ugalla nikiwa kijana, kabla pori lile halijapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, baada ya hapo tukahamia kitalu kingine. Msimu ukifunguliwa mwezi wa saba naondoka nyumbani, narudi mvua zikishakolea. Kazi naijua. Nikiona unyayo wa nyati naweza kukuambia kapita alfajiri au jana jioni, na mara nyingi sikosei.

Kuna mgeni mmoja, mzee wa Austria, amekuja mara nne na kila akija anaomba atembee na mimi. Mwaka huu siku ya kuondoka akaniita pembeni, mwindaji bingwa wetu, yule anayeongoza wageni porini, akawa anatafsiri. Mwezi wa kwanza mwakani anakwenda Ethiopia kuwinda nyala wa milimani, mnyama wa jamii ya tandala ambaye nchi nyingine hayupo, na anataka twende wote. Tiketi juu yake, vibali atashughulikia yeye na kampuni ya kule. Anasema magoti yake yamechoka, na mlimani anataka nyuma yake awepo mtu anayemwamini. Kisha akatoa dola 500 akanipa mkononi: hizi ni za buti, usinunulie kitu kingine, na ununue mapema uzizoee. Nilipozibadilisha nikapata milioni moja na laki mbili na kitu.

Mama, sijawahi kuvaa kiatu cha zaidi ya elfu arobaini. Kazini navaa katambuga za tairi, mvua ikishika navaa gambuti za kampuni. Katambuga ndizo zinazonipa ugali. Mguu unasikia kijiti kikavu kabla hakijavunjika, nauinua, mnyama hajui kama kuna mtu. Nikivaa dude gumu kama sanduku nitakuwa mimi yuleyule?

Hilo la kwanza. La pili linaninyima usingizi. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimepewa laki tatu. Sijui ulimi uliteleza vipi. Au najua. Mwaka juzi nilichukua bakshishi yote ya msimu, nikaongeza laki nne alizokopa yeye kwenye kikoba chake, nikanunua pikipiki nikampa kijana aifanyie bodaboda. Miezi mitano ikawa skrepa. Deni la kikoba alilimaliza mke wangu kwa kukaanga vitumbua. Hajawahi kunisimanga. Ila tangu siku hiyo kila hela ikiingia ananiuliza kwa upole itafanya nini, na upole ule unanichoma kuliko kelele.

Hiyo laki tatu ameshaipangia. Elfu themanini ninunue buti mnadani, inayobaki tumnunulie baiskeli binti yetu mkubwa, anayetarajia kuingia kidato cha kwanza mwezi huohuo wa kwanza. Shule ya sekondari iko mbali, kama kilomita nane kwenda, na hela ya tumbaku ya msimu uliopita imechelewa, sijaishika yote. Laki tisa na kitu zilizobaki ziko kwenye laini ya simu ambayo mke wangu haijui. Nikimwambia ukweli sasa, hatanielewa.

Sasa rafiki yangu amenipatia buti za mtumba. Ngozi tupu, zinaonekana mpya kabisa, soli haijalika hata kidogo, anataka laki moja na ishirini. Nikichukua hizo nabaki na zaidi ya milioni: baiskeli nanunua, madirisha ya nyumba namalizia, na hata zile laki nne za kikoba nazirudisha. Mzungu hatajua. Mjomba wangu naye ananicheka, anasema babu wa babu yetu alikuwa mpagazi, alitembea peku toka Unyanyembe hadi pwani na jino la tembo begani, leo mimi nataka viatu vya milioni kupanda kilima! Mwindaji bingwa kwa upande wake ananiambia nisifanye mchezo, mlima unamshinda mtu kuanzia miguuni.

Na kuna jambo jingine dogo. Miaka miwili iliyopita nilitumbukia kwenye shimo la ngiri, kifundo cha mguu wa kushoto kikateguka. Mpaka leo nikitembea kutwa, jioni kinavimba. Kazini hakuna anayejua.

Juzi usiku mke wangu alikuwa anakunja nguo, akaniuliza bila kunitazama: "Hivi hizo buti za milimani wazungu wenyewe wananunua shilingi ngapi?" Sikujua kama ananitega au anauliza tu. Nikajifanya nimelala.

Nishauri Mama.
Mfuata Nyayo Aliyepotea Njia

MAMA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mwangaluka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umekuja na swali la kiatu, lakini ndani ya kifurushi nimekuta kiatu, hela, mke, na kifundo cha mguu ambacho umekitaja mwishoni kama mtu aliyekwisha kuaga, kafika mlangoni, ndipo anakumbuka kilichomleta. Unaona njia tatu: buti za bei kubwa, buti za mtumba, au katambuga zako. Na unaona mkeo hatakuelewa. Hilo la mwisho nitalirudia, maana umeliandika kama jambo ulilokwisha kulijaribu, na sidhani kama umelijaribu.

Nianze na kiatu, kwa sababu kiatu si kisingizio hapa. Mguu ni jembe lako. Marehemu mume wangu alikuwa askari wa wanyamapori, buti zake nilizipaka nta kwa mikono hii miaka kumi na tisa, kwa hiyo ngozi naijua kidogo. Mengine nimemuuliza kijana mmoja aliyepandisha wageni Kilimanjaro mpaka akachoka, na fundi viatu mmoja wa hapa mjini ambaye alikataa kulipwa chai akasema tu nikuambie usimdharau fundi.

Kwanza uione nchi unayokwenda. Hapa Tabora mjini tuko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ardhi yetu imelala, unaweza kutembea kutwa miombo kwa miombo usipande hata ngazi. Nyala wa milimani anakaa nyanda za juu za Ethiopia upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, huko Arsi na Bale, mahali pengi ni juu ya mita 3,000. Kilele cha milima ya Bale, Tullu Dimtu, kina mita 4,377. Ndani ya hifadhi yao ya taifa hakuwindwi, kama ilivyo kwetu, vitalu viko nje yake na wanyama wa kuwindwa wana idadi yake iliyopangwa. Mwezi wa kwanza kule ni kiangazi: mchana jua kali, usiku baridi ya kugandisha maji. Na uwindaji wenyewe una sura nyingine. Mnapanda alfajiri, kipande cha njia pengine kwa farasi, halafu mnakaa ukingoni na darubini kutafuta mnyama ng'ambo ya bonde. Umetoka jasho ukipanda, sasa umekaa kimya saa mbili, upepo unakupiga. Hapo soksi ya pamba iliyolowa itakuadhibu. Nenda na soksi za sufu, jozi tatu au nne, hata kama buti utavaa za mnadani.

Kuhusu katambuga, naomba usizionee haya. Ulichokieleza, mguu kusikia kijiti kabla hakijavunjika, ni elimu ambayo huyo mzee hawezi kuinunua kwa dola elfu. Ila nina swali. Je, kule unakwenda kufuata nyayo? Kutakuwa na wenyeji waliozaliwa mlimani, wanaomjua nyala wao kama wewe unavyomjua nyati. Kwa maneno yake mwenyewe, mzee anataka mtu nyuma yake kwa sababu magoti yamechoka. Hiyo ni kazi ya kubeba, ya kumshika mkono mahali pa utelezi, ya kuteremka jioni na nyama au pembe mgongoni. Kama ndivyo, mguu wako unaombwa kitu tofauti na ulichozoea.

Kiatu cha mlimani kigumu kwa sababu yake. Ndani ya soli kuna bamba. Ukipita ubavuni mwa mteremko wa mawe unakanyagia ukingo wa kiatu tu, si unyayo mzima. Kiatu laini kinajikunja, na shavu la mguu linabeba mzigo wote mpaka linatetemeka. Kigumu kinakaa juu ya jiwe kama ubao, mguu unapumzika juu yake. Shingo yake ndefu, sentimita 20 mpaka 25, inakishika kifundo na kuzuia changarawe. Mkanda wa mpira unaozunguka chini unailinda ngozi isichanwe na mawe. Gharama yake umeshaitaja mwenyewe: hutasikia kijiti. Na juu ya mwamba kinagonga kama kwato. Wapo wawindaji wa milimani wanaochagua kigumu cha wastani kwa ajili hiyo, kinachopinda kidogo mbele ya vidole lakini hakikubali kusokotwa. Shika kiatu kwa mikono miwili, kisokote kama unakamua nguo. Kikikubali kirahisi, hicho ni cha kuvaa kanisani au msikitini.

Wauzaji watakusifia na utando wa ndani wa kuzuia maji. Ni kweli unazuia umande na majani mabichi. Lakini maji yakiingilia juu, shingoni, kiatu cha namna hiyo hukauka polepole kuliko cha ngozi tupu, na ukirudi nacho kwenye joto la huku kitakupika. Vipo pia vyenye kitambaa cha joto ndani. Vinamfaa mtu anayekaa sana, vinamtesa anayetembea sana. Ninyi mtafanya yote mawili, kwa hiyo hapo sina la kukuamulia. Muulize mzee, yeye kazoea milima ya kwao.

Mjomba wako ananifurahisha, mpe salamu. Wapagazi wetu walifanya kazi ambayo hakuna mwingine angeiweza, na walitembea kweli. Wengi wao pia walibaki njiani, kwa ndui, kwa njaa, kwa vidonda. Babu wa babu yako alikwenda peku kwa sababu aliona viatu ni upuuzi, au kwa sababu hakuna aliyempa dola 500 akamwambia nunua mapema? Hatujui. Ila njia ya Bagamoyo haikuwa na barafu, hilo tunalijua.

Sasa zile za mtumba. Mwanangu, hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu umezisifu kwa kitu kilekile kilichonitia wasiwasi: soli haijalika hata kidogo. Buti nyingi za mlimani, kati ya mpira wa chini na ngozi ya juu, zina tabaka la povu gumu linaloitwa poliyurethani. Povu hilo huharibiwa polepole na unyevu wa hewani, kiatu kivaliwe kisivaliwe. Kikikaa kabatini miaka mitano, wengine husema kumi, kinaweza kuonekana kipya kabisa, siku ya kwanza ya safari ndefu soli inamong'onyoka kama keki ya jana. Fundi aliniambia ameletewa jozi za namna hiyo na watu waliokuwa wanalia. Kwa hiyo buti ya mtumba isiyolika inaweza kuwa bahati, na inaweza kuwa kiatu kilichozeeka kikiwa kimelala.

Sijaziona, siwezi kuzisema vibaya. Bonyeza hilo tabaka kwa ukucha wa dole gumba. Likiacha alama isiyorudi, au likitoa unga, ziache. Angalia nyufa pembeni, pinda kiatu uone kama panafunguka. Chungulia lebo chini ya ulimi wa kiatu, mara nyingine ina mwaka wa kutengenezwa. Kisha muombe rafiki yako uzivae wiki moja kwa kazi ngumu kabla ya kumlipa. Kama ni rafiki atakubali. Akikataa, nalo ni jibu. Tena kumbuka kiatu kilichokwisha kuvaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kwa viatu vya mtaani si neno. Kwenye mteremko wa saa tano ni neno.

Wewe una jambo lingine ambalo pengine hujalifikiria. Mguu uliokua peku au kwenye kandambili hutanuka mbele, vidole vinakaa kwa nafasi. Buti nyingi za Ulaya zimefinywa huko mbele. Unaweza kutoa dola zote 500 ukapata kiatu kizuri kuliko vyote dukani, kikakutoa malengelenge, kwa sababu tu hakikutengenezewa mguu wa Mnyamwezi. Bei haimjui mguu wako. Ndiyo maana kumwachia mzee akununulie Austria aje nazo kuna hatari yake: hutakuwa umezijaribu, na hutapata wiki za kuzizoea. Ukichagua njia hiyo, simama juu ya karatasi jioni, chora miguu yote miwili, pima urefu na upana, mpelekee, umwambie unataka pana mbele, na azitume mapema.

Njia nyingine ni kupanda basi mpaka Arusha au Moshi. Kule kuna maduka na watu wanaouza na kukodisha vifaa vya wapanda Kilimanjaro, vipya na vilivyotumika. Utajaribu kwa mguu wako mwenyewe. Buti za wawindaji wa milimani huko Ulaya huuzwa kwa kawaida dola 300 mpaka 500, nyingine zaidi. Za wapanda mlima wa kawaida ni nafuu, na zipo ngumu za kutosha. Inawezekana ukarudi na kiatu kinachofaa na chenji. Inawezekana pia ukatumia nauli na siku tatu ukarudi mikono mitupu, kijana wangu wa Kilimanjaro hakunificha hilo.

Popote utakapojaribu, jaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zilezile za safari. Kabla ya kufunga kamba sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja kiingie. Funga, tembea kuteremka, ngazi au tuta lolote. Vidole vikigonga mbele, hicho kiatu kitakung'oa kucha. Kisigino kikiinuka-inuka ndani, kitakuchuna. Kisha wiki za kuzoea: siku za kwanza nyumbani na sokoni, halafu kilomita tano, halafu kutwa na mzigo. Ukisikia mahali panapata moto simama hapohapo, usingoje lengelenge.

Kile kifundo nacho. Umekiita jambo dogo. Kinavimba kila jioni kwa miaka miwili, kimekuwa siri kazini, na unakipeleka kwenye mawe ya mita 3,000 nyuma ya mtu mwenye magoti mabovu. Shingo ndefu ya buti itakisaidia kutojipinda ovyo, haitakiponya. Nenda hospitali ya mkoa wakuangalie, uulize mazoezi ya viungo. Wanaopona kuteguka hufundishwa mpaka mambo madogo kama kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, ili kifundo kijifunze upya kujishika. Naelewa hofu yako kwamba ukisema utapoteza safari. Inawezekana. Nawaza pia siku kitakapoteguka kule juu, nani atambeba nani.

Haya, tukae sasa jikoni, kwa mkeo.

Umeandika kwamba mzungu hatajua. Huenda kweli, buti zikidumu. Lakini sidhani kama mzungu ndiye anayekunyima usingizi. Wewe unayetazama majani yaliyolala ukasema nyati kapita alfajiri, unadhani mwanamke uliyekaa naye miaka yote hii hasomi nyayo zako? Anakunja nguo, hakutazami, anauliza buti zinauzwa ngapi. Yawezekana ni mtego. Yawezekana pia amekufungulia mlango kidogo, akageuza uso ili usione haya kupita. Mimi simjui mkeo, wewe unamjua. Ila najua mwanamke aliyekaanga vitumbua mpaka akamaliza laki nne za mtu mwingine hana haja ya kutega, angeshapiga kelele zamani.

Unasema hatakuelewa. Ulishamweleza lini ukakataliwa? Ninavyoisoma barua yako, tatizo la pikipiki halikuwa kwamba alikataa. Alikubali, alikukopea. Labda unachokiogopa ni kwamba atakubali tena, na safari hii hutaweza kumtazama. Nikikosea nisamehe.

Jiulize pia hela hii ni ya nani. Mzee alikupa kwa masharti: ni ya buti. Ukisema ni yako yote, umevunja neno lake. Ukisema ni ya buti yote, binti anatembea kilomita kumi na sita kwa siku wakati wewe una kiatu cha milioni kwenye boksi. Kati ya hayo mawili kuna kitu ambacho hukukitaja, nacho ni kumuuliza mwenyewe kupitia mwindaji bingwa: nimepata buti nzuri kwa bei hii, risiti hii hapa, iliyobaki naomba nimnunulie binti yangu baiskeli. Hatari ipo. Anaweza kuhisi unaombaomba, na wageni wengine wakishahisi hivyo hawarudi. Au anaweza kucheka akasema nunua na kengele. Wewe umetembea naye mara nne, unajua anavyopokea habari mbaya porini, nyati akishatoroka.

Ukimwambia mkeo ukweli wote, ujiandae kwa mambo mawili. Anaweza kunyamaza siku kadhaa, na kimya hicho hutakiweza kukiharakisha. Na anaweza kuwa na mpango wake wa hizo laki tisa usiofanana na wako, maana mtu akishaambiwa kiasi ana haki ya kuchangia mawazo. Ukinyamaza mpaka urudi, nacho kina bei: baiskeli ukiinunua kwa hela ya kujificha itakubidi utunge imetoka wapi, na madirisha vilevile, na kila uongo unataka mwenzake. Yupo pia mtu anayesema nusu, kwamba mzee ameongeza kidogo. Nimeshaona nyumba zilizoishi na nusu kwa miaka, na sitakudanganya kwamba zote zilivunjika.

Kitu kimoja kilinishika. Ulipopanga matumizi ya hiyo chenji uliandika baiskeli, kisha madirisha, kisha "hata" zile laki nne za kikoba. Sikulaumu kwa mpangilio wa maneno, watu huandika haraka. Isome tu tena hiyo sentensi ukiwa peke yako.

Kama utakwenda Arusha au Moshi, na kama mambo yatakuwa yamefika pa kusemeka, fikiria kama kuna namna mkeo akaona hizo buti zikijaribiwa. Hata kwa picha ya simu. Mtu akishaona kwa macho tofauti ya soli na soli, bei inapata maana, au inakosa maana kabisa, na mjue wote wawili mmeona kitu kimoja.

Ukifika kule juu ukaumwa kichwa na kichefuchefu kisichoisha, usione aibu kusema. Ni hewa nyembamba, haichagui shujaa, na dawa yake ya uhakika ni kuteremka. Kama buti zako zitakuwa za ngozi tupu, nta ya nyuki unayo nyumbani bora kuliko ya watu wengi huko Ulaya: iyeyushe, changanya na mafuta kidogo, paka nyembamba kwenye mishono, iache inywe. Zikilowa usizianike jikoni karibu na moto, ngozi itapasuka na gundi itaachia. Zijaze karatasi, ziweke kivulini.

Uniandikie ukirudi, au hata kabla.

Nilitaka kusahau, na fundi alinisisitiza: kata kucha siku tatu kabla ya kwenda kujaribu viatu, si asubuhi ya siku hiyo. Ukucha uliokatwa leo husema uongo.

Mama